Fundi wa Namba Kamili

Tangu augue, kila anayekuja kibandani kwangu kutoa kopi ana neno zuri juu ya Fundi. Eti hakuwahi kumdhulumu mtu. Eti mashine ikitoka mikononi mwake imetoka. Eti yule mzee ana adabu za watu wa zamani. Mimi nawapangia karatasi zao, nawabania pini, nanyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza. Nimefanya kazi chini ya mtu huyu, futari yake nimekula, mwanangu amemkojolea kanzu zaidi ya mara moja, kwa hiyo uzuri wake naujua kuliko hao wote. Na ndiyo maana hasira yangu inazidi sifa zao hata wakizijumlisha.

Jina lake silitaji. Mjini hapa mafundi wengine wana majina, yeye anaitwa Fundi tu, inatosha.

Alianza na redio, akaingia kwenye taipureta, akaishia kwenye kompyuta, na vyote alivishika kwa namna moja: kwanza anaweka sikio. Unamletea mashine, unaanza kumweleza ilivyoanguka, anakunyamazisha kwa kidole. Anaiwasha, anainamisha kichwa, anafumba macho. Feni inavuma, diski inakoroma, kuna mlio mfupi, kisha ndipo anakwambia, "Haya, sema." Mashine inapowaka ilikuwa marufuku mtu kuzungumza dukani. Hata mwanangu Shukuru, akiwa mchanga wa kunyonya, alizomewa kwa kulia wakati mashine inapima kumbukumbu yake.

Duka lilikuwa upenuni mwa nyumba ya zamani, mtaa wa nyuma ya soko. Nilifika pale na cheti changu cha kidato cha nne, mtoto mgongoni, baba wa mtoto ameshapanda treni ya Kigoma na simu yake haipatikani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Nataka kujifunza kazi."

Akamtazama mtoto. "Na huyo naye anataka kujifunza?"

"Huyo anataka kulala."

Akacheka mpaka akavua miwani. Akachukua boksi la kioo cha kompyuta, akatandika kikoi chake ndani, akasema, "Mlaze hapo, lakini asikanyage waya wangu." Mafundi wa mtaa mzima walinicheka. Mmoja alisema Fundi amefungua kliniki ya akina mama. Fundi akamjibu, "Wewe mama yako alipokuzaa angekwenda kujifunza kitu, leo usingekuwa unaniomba bisibisi." Hilo silisahau, na silikatai. Alinipokea pale ambapo kila mlango mwingine niliambiwa nirudi nikishamwachisha mtoto ziwa.

Adabu yake juu ya vitu vya watu ilikuwa ya kuchosha. Skrubu ya mteja ikibaki, anaifunga kwenye kipande cha gazeti na kumrudishia, hata kama mteja mwenyewe hajui kama alikuwa na skrubu. Akifungua kompyuta akakuta picha za harusi za mtu, anafunika kioo kwa leso na kufanya kazi kwa kukisia. Nikamwambia, "Fundi, picha tu hizo." Akasema, "Picha za nani?" Nikasema, "Za mwenyewe." "Basi umeshajijibu."

Sasa sikiliza alivyonifundisha, maana ubaya wote wa baadaye umetoka kwenye somo hilihili.

"Ukibonyeza kitufe cha kuwasha," aliniuliza asubuhi moja, "nani anaamka kwanza?"

"Mfumo."

"Mfumo bado umelala kwenye diski, haujui hata kama kumekucha. Anayeamka kwanza ni bayosi."

Bayosi ni programu ndogo waliyoichoma kiwandani kwenye bodi ya mashine. Hiyo ndiyo inayoamka mwanzo, inapima kumbukumbu yote, yaani ile nafasi ambayo mashine inaweka vitu inavyovifanyia kazi wakati huo, kisha inajichukulia sehemu zake. Sehemu moja ya picha ya kioo, nyingine ya habari za betri na joto, nyingine ya mambo ambayo bodi inayafanya yenyewe bila kumuuliza mtu. Ikishajitengea, ndipo inaviachia nafasi vingine. Anayefuata ni kiini, ule moyo wa mfumo unaoendesha kila kitu baadaye.

"Umewahi kupanga nyumba ambayo mwenye nyumba amefunga chumba kimoja?" Fundi akauliza.

Nani Tabora hajawahi. Unaonyeshwa nyumba ya vyumba vinne, unaambiwa vyako vitatu. Cha nne kina kufuli, ndani kuna kabati la marehemu mama yake, mabati yaliyobaki na baiskeli isiyo na tairi. Huulizi.

"Basi bayosi ndiye mwenye nyumba," akasema. "Anamkabidhi kiini ramani ya kumbukumbu. Hapa kaa, hapa kaa, hapa usiguse. Na hapa nimeweka maelezo ya nyumba, yasome kwanza, ukishamaliza kuyasoma unaweza kupachukua."

"Na kiini kinafanyaje?"

"Kiini ni mpangaji mwenye akili. Kabla hakijashusha hata mkeka, kinasoma ramani. Palipoandikwa pametengwa, kinapatoa kwenye hesabu yake kabisa, kama vile hapapo. Ramani ikijichanganya, mstari mmoja unasema pako wazi na mwingine unasema pahala hapohapo pametengwa, kinafuata ule mkali."

"Kwa nini kisifuate ule wenye faida?"

"Kwa sababu chumba cha wazi usipokitumia, umepoteza nafasi. Chumba cha watu ukikiingia, umepoteza nyumba."

Nilidhani somo limeisha. Akainua kidole. Akasema kuna kipande cha mwanzo kabisa cha kumbukumbu ambacho kiini hakikitumii kwa kazi zake hata kama bayosi imesema hapo ni ruhusa. Nikamuuliza, kama ramani inaruhusu, kiini kinaogopa nini?

"Kuna wenye nyumba waongo, binti. Anakwambia chumba ni chako, siku moja anaingia na viatu anakanyaga godoro. Waliotengeneza kiini wameshaumwa na bayosi za namna hiyo, wakajifunza. Pale mwanzoni wanapaacha tu."

Hakuna mwalimu wa shule aliyewahi kunielewesha kitu hivyo. Nilitembea kwenda nyumbani nikijiona mtu. Nasema ili mjue kwamba hakuwa fundi wa kubahatisha. Alijua. Mtu asiyejua akikosea unamhurumia.

Kosa. Hilo neno kinywani mwake halikuwepo. Kifaa kikimuungulia, alisema, "Kimeamua." Siku moja alichomeka waya mahali pasipo pake, moshi ukapanda, kifaa cha umeme cha mashine ya mteja kikafa palepale mbele yangu. Mchana akaenda kununua kingine, akakifunga, akamkabidhi mteja mashine yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia. "Nimemwekea kipya. Aambiwe nini tena?" Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kulirekebisha kosa alikuwa tayari hata kwa kulala njaa. Kulitamka ndiko kulikomshinda, na sisi tuliokuwa karibu naye tuliita tabia hiyo heshima.

Kisha akaja yule mfanyabiashara wa mchele kutoka Igunga.

Alikuwa ameacha kompyuta yake iwekewe mfumo mpya, huu wa bure ambao Fundi aliupenda kwa sababu haumdai mtu leseni. Ameichukua asubuhi, jioni amerudi, gari limeegeshwa vibaya, mlango wa gari wazi. Ameelekezwa na mpwa wake mahali pa kusoma ukubwa wa kumbukumbu.

"Mzee! Nilikuletea ya giga nane, umenirudishia saba!"

"Ni nane, bwana. Sehemu nyingine bayosi ime..."

"Bayosi ndiyo nani? Nani huyo bayosi? Mwite hapa! Nilikuletea nane, imeandikwa saba na vipande. Kipande changu umekiuza wapi?"

Watu wakajaa. Mnajua hapa kwetu neno mwizi likitamkwa kwa sauti barabarani linakwenda wapi. Fundi alisimama mlangoni, kofia yake imekaa upande. Mzee ambaye alirudisha skrubu! Muuza kahawa ndiye aliyesema, "Jamani, huyu? Huyu hawezi," watu wakaanza kutawanyika mmojammoja. Mfanyabiashara akaondoka anatukana kwa Kisukuma. Fundi hakufungua duka kesho yake.

Alipofungua, mji ulikuwa umeshajifunza. Kukaanzishwa desturi mpya. Mteja akija kuchukua mashine, hasemi shukrani kwanza. Anasema, "Nionyeshe namba." Unaiwasha, unafungua ule ukurasa, naye anainama kusoma kama anakagua mizani ya karanga. Hata wasiojua kompyuta inafanya nini walijua namba yao. Mama mmoja muuza asali alikuja ameiandika kiganjani kwa kalamu.

Na namba zikawa zinatimia. Hicho ndicho kilichonishangaza. Mashine nane, inasoma nane. Mashine nne, nne. Mafundi wengine mtaani walikuwa wanagombana na wateja kila siku, kwa Fundi kimya, watu wanaondoka wanatabasamu. Sifa zikaenda mpaka Nzega.

Mimi nilifanya kazi yote, kufungua, kusafisha, kuweka mfumo, kujaribu. Kisha ananiambia, "Niachie mkono wa mwisho." Anageuza kioo upande wake, anaandika kitu kidogo, anazima, anawasha. Nilimwomba anifundishe. "Bado," akasema. Nikaamini kuna siri ya ufundi hapo ambayo nitapewa nikikomaa. Mjinga mimi.

Shule ya masista, ile ya wasichana njia ya kwenda Ulyankulu, ilipata msaada wa kompyuta zilizotumika. Zikaletwa kwetu zitengenezwe. Mimi nilizifanya, Fundi akamalizia mkono wake, nikaenda nazo kuzifunga shuleni. Sista Mkuu, mwanamke mkavu anayesema maneno machache na kuyasema mara moja, akanitazama ninavyofanya kazi akaniuliza kama naweza kubaki kuangalia chumba cha kompyuta. Kwa majaribio kwanza, halafu ajira. Akanipa chumba katika nyumba za watumishi, chenye dirisha la wavu na bomba karibu. Mama yangu alipokuja kutuona alizunguka bomba lile akilifungua na kulifunga. "Mungu amekukumbuka," akasema. Shukuru alijifunza kutembea kwenye kibaraza cha chumba kile.

Mashine zilikwenda vizuri wasichana walipokuwa wakiandika barua na vijedwali. Walipoanza kazi zao kubwa za muhula, wamefungua picha, michoro, kurasa chungu nzima kwa pamoja, mashine zikaanza kuganda. Siyo moja. Leo hii, kesho ile. Inaganda, ukiwasha tena faili limeharibika, halifunguki. Wasichana wa kidato cha nne walilia kwenye kibodi. Kazi ya muhula mzima imegeuka takataka, na anayelinda chumba ni mimi.

Nilibadilisha nyaya. Nilipuliza vumbi. Nilijaribu kadi za kumbukumbu moja baada ya nyingine, zote nzima. Mwishoni nikaondoa ile picha ya mapambo inayoonekana mfumo unapowaka, ili nisome maandishi yanayopita nyuma yake, yale meupe kwenye kioo cheusi. Mwanzoni kabisa kiini huwa kinaandika ramani kilivyoipokea kwa bayosi. Ilikuwepo. Pa kukaa, pa kukaa, pametengwa. Lakini chini yake kulikuwa na ramani ya pili, na kiini chenyewe kimeandika wazi kwamba hii imewekwa na mtumiaji. Katika ramani hiyo ya pili, lile eneo kubwa lililotengwa lilikuwa limeandikwa kuwa ni la kutumika.

Kiini kina unyenyekevu huo. Mwenye mashine akikiandikia amri kwenye mstari wa kuwashia, kwamba ramani ya bayosi achana nayo, fuata yangu, kinatii. Hakibishi. Nikafungua mstari ule, nikakuta amri. Nikaenda mashine ya pili, amri. Ya tatu, amri.

Ndiyo mkono wa mwisho huo! Mzee alivunja kufuli la mwenye nyumba ili mteja ahesabu vyumba vinne. Kazi zikiwa chache, kiini kinajaza vyumba vyake vya halali, hakuna anayegongana na mtu. Kazi zikijaa, kinapeleka vitu kwenye kile chumba, bodi nayo imo mle inaandika mambo yake, wanakanyagana, faili la mtoto wa watu linakufa. Namba ilikuwa nane. Nane ya uongo.

Nikaifuta amri kwenye mashine zote za chumba kile. Zikaacha kuganda. Nilifurahi kwa nusu siku tu. Jioni Sista Mkuu akapita chumbani, na yeye, kama mji mzima, alikuwa amefundishwa mahali pa kusoma namba.

"Mama Shukuru. Hizi zilikuwa nane. Mbona zinasoma saba na vipande?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha ramani mbili. Akatazama zile tarakimu nyeupe, akaniuliza, "Maandishi haya umeyaweka lini?" Nikafungua mashine, nikatoa kadi, nikamwonyesha imeandikwa nane. Akaipindua. "Kibandiko hubandikwa, mama," akasema. Mashine zimeharibu kazi za wanafunzi zikiwa mikononi mwangu, sasa namba zimepungua zikiwa mikononi mwangu. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Hapo hata simlaumu sana.

Kesho yake nilikuwa dukani kwa Fundi kabla hajaweka kahawa jikoni.

"Nimeiona amri yako," nikamwambia.

Akaendelea kufuta miwani. "Kaa, binti."

"Sikai. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba palipotengwa hapaguswi."

"Watu walitaka namba yao."

"Si ungewaeleza!"

"Nilieleza. Ulikuwepo. Nilieleza, wakaniita mwizi mlangoni kwangu."

"Na mimi sasa naitwa hivyohivyo, Fundi. Wananiita mbele ya bodi ya shule Ijumaa. Njoo useme."

Akavaa miwani. "Nitakuja," akasema.

Nilimwamini. Nililala usingizi mzuri siku zile, nawaambia ukweli.

Alikuja, kweli. Kanzu nyeupe, kofia mpya, katoka msikitini moja kwa moja. Ukumbi wa chakula ulikuwa umejaa, bodi mbele, walimu, wazazi. Sista Mkuu akamkaribisha kwa heshima, akamuuliza mashine zilipotoka kwake zilikuwa na ngapi.

"Nane," akasema.

"Na kwenye kioo zilisoma nane?"

"Zilisoma nane."

"Sasa zinasoma saba. Kuna mtu mwingine aliyezifungua hapo katikati zaidi ya huyu mama?"

Mimi namtazama. Naye anatazama kofia yake, ameivua ameiweka magotini.

"Mimi siwezi kumsema mtu," akasema Fundi.

Siwezi kumsema mtu! Ukumbi mzima ukaguna kwa kumheshimu. Mzee mwungwana, hata mwizi hataki kumtaja. Nikasimama nikapiga kelele, nikasema amri ile ni yake, nikasema ramani, nikasema bayosi, na kila nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Sista Mkuu akasema neno lenyewe mbele ya wote, kwa sauti ileile anayotangazia ratiba. Niliambiwa nishukuru hawaiti polisi. Jioni vyombo vyangu vilikuwa nje.

Sasa nina kibanda Kitete, karibu na hospitali, mashine moja ya kopi na meza ya kutengenezea simu. Watu wa kopi wapo. Wa kutengeneza hawaji, na akija mmoja anasimama juu ya kichwa changu macho hayabanduki. Nimesikia kwa masikio yangu mwanamke akimnong'oneza mwenzake, "Usimwachie, huyu ndiye yule wa masista." Mwanangu naye ana masikio. Anakua nayo.

Wiki chache zilizopita mke wake Fundi akaja kibandani. Akalipa nauli ya pikipiki, akasimama kwenye jua bila kuketi. "Anakuita," akasema. "Hali chakula. Anakuita wewe tu." Nilitaka kukataa. Nikafunga kibanda, nikamshika Shukuru mkono, nikaenda.

Amekwisha. Ule mkono uliokuwa unashika bisibisi kama sindano umebaki mifupa na mshipa. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ukumbini, akamtazama mwanangu kwanza.

"Amekuwa mkubwa."

"Amekuwa."

"Binti, zile mashine za mjini. Ni nyingi. Nataka uzipitie. Uwaambie umekuja kuzisafisha. Ile amri uifute taratibu, bila kelele."

"Na namba zikishuka?"

Akageuzia uso ukutani.

"Unataka niende nyumba kwa nyumba nikapunguze namba za watu, mimi, yule wa masista? Una akili kweli, Fundi?"

"Nimebakiza muda kidogo. Niache niende na jina langu."

"Na mimi nibaki na lipi?"

Mkewe akaniwekea mkono begani, akasema mama, taratibu, ni mgonjwa. Tukiwa hivyo, mlangoni pakasikika hodi. Sista Mkuu, na fungu la machungwa. Fundi amewatengenezea masista redio tangu ujana wake, hilo nilikuwa nimelisahau. Aliponiona alisimama kidogo, kisha akaingia, akampa pole, akaketi kwenye kiti cha mbali. Akasema mashine ya ofisini kwake, ile aliyomtengenezea Fundi, nayo imeanza kuganda.

Fundi akalamba midomo. "Mpelekee huyu."

"Huyu?" Sista akasema.

"Mpelekee huyu. Ana mkono mzuri."

Basi, mpaka hapo alipofika, alitaka kunipa nusu ya haki yangu. Nikasimama. "Asiniletee," nikasema. "Sista, mimi nikiigusa hiyo itasoma saba, utaniita nilivyokwisha kuitwa. Muulize huyu ni kwa nini. Muulize sasa hivi, bado anapumua."

Mkewe akashika mdomo. Mimi nikatoka nje na mtoto wangu. Sikwenda mbali, sitawadanganya. Nilisimama ukutani chini ya dirisha.

Kiti kikaburutwa. Sista Mkuu akauliza kwa sauti yake ileile kavu, "Fundi, anasema nini yule?"

Nikamsikia Fundi.

"Hakuchukua kitu. Ile namba niliiandika mimi."

Ni hayo tu. Hata pumzi hazikumwishia. Maneno mepesi hivyo, ambayo kule ukumbini shuleni yangeniachia kazi, chumba, na heshima ya mwanangu, na mzee aliyameza akanywea na maji. Nilikaa chini pale kwenye vumbi nikalia kwa hasira, Shukuru ananivuta mtandio ananiuliza nani amenipiga.

Sista Mkuu akatoka. Akaniona pale chini. Uso wake ulikuwa umebadilika, siwezi kusema haukubadilika. Akaniita kwa jina langu la ubatizo, akasema niingie ndani tuzungumze, sisi watatu, yaishe.

Nikainuka, nikajikung'uta vumbi.

"Uliniita mwizi mbele ya watu, Sista," nikamwambia. "Kibandani kwangu asubuhi kunakuwa na foleni ndefu ya watu wa hospitali. Njoo uyaseme pale."